Pikipiki Ndefu na Kanzu ya Mjomba Mbarak

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, wallahi, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Najua mnavyonisema huku Kisauni. Najua kuwa nikianza hadithi barazani watu hukonyezana kabla sijafika katikati. Basi leo naweka dhamana kwa maandishi: atakayenikamata na uongo mmoja humu, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, na aseme anataka nini, nami nitalipa papo hapo. Sasa tulieni.

Mwaka ulikuwa 1984. Abdillahi alikuwa mwalimu wa madrasa pale Kisauni, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mfupi, mpole kupita kiasi. Kanzu aliivaa toka alfajiri hadi kulala. Suruali alikuwa nayo moja, aliyoshonesha kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Alimpenda Zubeda, binti wa Mzee Ghalib wa Utange, aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati moja huku Kisauni, na Zubeda alimpenda yeye, jambo ambalo Abdillahi kila akilikumbuka lilimshangaza upya.

Posa ilipopelekwa, Mzee Ghalib alimwita kando.

"Mwanangu, tabia yako naijua na kisomo chako nakijua. Lakini miaka mitatu sasa nampakia mtoto huyu kwenye baiskeli. Alfajiri nampeleka zahanati, jioni namrudisha, na mchanga wa Utange unaujua. Magoti yangu yamekwisha. Mimi siozi mtoto halafu nikaendelea kupiga pedali. Siku ya nikaha utakuja msikitini kwangu juu ya pikipiki yako mwenyewe, nikuone kwa macho haya, kabla ya swala ya Alasiri kuanza. Ukija kwa miguu, utarudi kwa miguu."

"Naam, baba," akajibu Abdillahi, kwa kuwa hakujua jibu jingine.

Na yule mzee hakuwa mtu wa kutishia. Mwaka uliotangulia alikuwa amemrudisha mlangoni mchumba wa binti yake mwingine, biriani ikiwa imeshaiva, kwa sababu aliahidi kuja na gari lake na akaja na la kukodi. Watu walikula biriani ile kimya kimya wakaenda zao.

Abdillahi akakusanya akiba yake yote, akaenda Kongowea kwa dalali mmoja wa vyombo vya moto. Mtu wa Malindi yule, jina lake limenitoka, na nasikia alihama zamani. Chini ya bati lake kulikuwa na pikipiki mbili, na fundi aitwaye Tsuma amechutama anasugua plagi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya buluu, zile tunazoziita hamsini. Katikati yake pako wazi kama baiskeli ya kike, na mnyororo wote umefichwa ndani ya bamba. Ilikuwa ya mkunga mmoja aliyestaafu, na toka Ziwa la Ng'ombe mpaka Mtopanga hakuna asiyeijua, kwani nusu ya watoto wa huko walikuja duniani baada ya mlio wake kusikika uani. Ya pili ilikuwa nyekundu, ya mpima ardhi, yenye matairi ya meno na kiti kilichomfika Abdillahi mbavuni.

"Maalim," akasema Tsuma bila kuinua kichwa, "wewe ni mtu wa kanzu. Hiyo ya buluu unaingia kama unavyoingia kitandani. Miguu inafika chini na mnyororo umefunikwa. Mtu wa kuanza aanze na hiyo. Hii nyekundu itakufunza kuanguka kabla ya kukufunza kwenda."

Dalali akacheka polepole. "Tsuma, usimtie mtu aibu siku ya furaha yake. Maalim, nikuulize wewe msomi. Bwana harusi anaingia Utange, siku ya nikaha, juu ya pikipiki ya mkunga. Watu watasemaje? Watasema mkunga amemtangulia shehe."

Abdillahi alihisi masikio yanawaka. Akawaona akina mama wa Utange wamejipanga vibarazani wanahesabu miezi kwa vidole. Akaiona sura ya Mzee Ghalib. Akaigeukia ile nyekundu.

"Na haya matundu mawili hapa kando ya mnyororo," akauliza, "ni ya nini?"

"Ya upepo. Chombo kikubwa lazima kipumue."

Tsuma alifungua kinywa. Dalali akamtazama, na Tsuma akairudia plagi yake. Lakini haki ya Mungu, pikipiki ile iliundwa hivyo hivyo, bila bamba la mnyororo. Dalali alikuwa mtu mwaminifu.

Ikanunuliwa nyekundu.

Wiki mbili Abdillahi alijifunza katika uwanja wa mpira, amevaa ile suruali ya kitambulisho. Kwenda aliweza. Tatizo lilikuwa miguu: akikaa kitini, vidole vyake vilining'inia hewani kama vya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Kwa hiyo alipandia barazani kwa mjomba wake Mbarak, na akitaka kushuka anatafuta baraza nyingine, anaegesha, anaweka mguu, anashuka. Kisauni hilo halikuwa tabu, kila nyumba ina baraza. Baada ya siku chache alizijua zote kwa kimo, kama dereva wa basi anavyovijua vituo.

Siku ya nikaha ilipofika, Mjomba Mbarak alitoa sandukuni kanzu ya Maskati, nyeupe, laini, imedariziwa shingoni kwa mkono.

"Nimeivaa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nilipooa, ya pili nilipooa tena. Irudi kama ilivyo."

Baada ya Adhuhuri wazee na vijana wa bwana harusi wakapanda lori wakatangulia Utange, ili aingie peke yake na kishindo chake. Abdillahi akabaki barazani na pikipiki. Akautazama mnyororo, akaona unachekacheka pale wazi. Akafikiri. Nguo ndefu na mnyororo ni hatari. Basi, mtu mwenye akili, akaingia ndani, akaivua saruni aliyokuwa ameivaa chini ya kanzu, akabaki na bukta ya kuchezea mpira, akaishusha kanzu vizuri, akatoka ameridhika kuwa hakuna tena nguo ya kuingia mnyororoni.

Akapiga kiki, akaondoka.

Mpaka Kiembeni mambo yalikuwa mazuri. Upepo uliingia chini ya kanzu ukaijaza, na wanawake waliokuwa dukani walimpigia vigelegele. Alipoiacha lami na kuingia njia ya mchanga ya kwenda Utange, akahisi kama mtu amemshika pindo kwa nyuma. Akadhani ni upepo. Akavutwa tena. Akaongeza moto, kwa kuwa ndivyo mtu afanyavyo akivutwa, na hapo ndipo mnyororo ulipoila kanzu kwa pupa, shubiri baada ya shubiri. Shingo ya kanzu ikambana koo, mabega yakashuka, mgongo ukanyooka kama wa askari kwenye gwaride. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Kando ya njia palikuwa na mrundo wa mawe ya kujengea, yale yanayokatwa machimboni. Abdillahi alipata kuuwahi kwa mguu wa kulia. Hapo akanasa.

Hali yake ilikuwa hivi. Mguu wa kulia uko juu ya mawe. Akiuinua, pikipiki inaanguka na yeye chini yake. Mguu wa kushoto unaning'inia. Pindo la kanzu limeingia katikati ya mnyororo na meno ya gurudumu la nyuma, limejizungusha mara nne au tano, na kilichobaki kimemkaza kitini kama mto ndani ya foronya. Kuivua kwa juu hawezi, mikono haiinuki kupita masikio. Na hata angeweza, chini ni bukta.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Alijaribu kuvuta kwa mkono wa nyuma, na uzi mmoja ukalia. Akaacha. Akaisikia sauti ya mjomba: irudi kama ilivyo. Akajaribu kupumua kidogo kidogo ili kanzu isipasuke kifuani. Tangu azaliwe hakuwahi kujua kuwa mtu anaweza kufungwa mahali peupe, bila kuta, bila mlinzi, huku ndege wanapita.

Akatokea Bi Johari, mama mtu mzima wa Utange, na mwavuli wake, anakwenda harusini taratibu.

"Shikamoo, bibi," akasema Abdillahi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Na mama?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Na mjomba wako, ule mguu wake?"

"Umepona, bibi."

"Na wale watoto wa madrasa, wanasoma?"

"Wanasoma, bibi." Koo linambana, jasho linamshuka, na kila swali lilikuwa na kijibu chake cha adabu ambacho hakingeweza kuachwa. Neno la kweli lilikuwa ulimini: bibi, nimenasa. Lakini mwanamume anamwambiaje mama wa watu, shangazi yake bibi harusi, kuwa yumo ndani ya kanzu hawezi kutoka na chini hana saruni?

Bi Johari akamtazama alivyokaa, mgongo umenyooka, kidevu juu.

"Mashallah, umekaa kama sultani. Unapumzika?"

"Kidogo, bibi."

"Vyema. Nitamwambia Ghalib umeshafika, umekaa tu njiani unapumzika."

Akaenda zake. Abdillahi akamsindikiza kwa macho mpaka mwavuli ukawa kama kitufe, naye anajua kuwa unakwenda na ndoa yake.

Dakika ishirini baadaye ndipo alipokuja Gona na mkokoteni wa madafu. Gona alikuwa mtu wa Kaloleni, mpana wa mabega, na panga lake lilikuwa kali kiasi cha kunyolea. Akasimama, akalizunguka lile ajabu mara moja, akarudi mbele.

"Mwalimu, nani amekushona kwenye pikipiki?"

Hapo Abdillahi akasema yote. Kwa mgeni aibu ni nyepesi. Gona akasikiliza, akatikisa kichwa, akachomoa panga.

"Kazi ndogo. Nakata kanzu."

"Usiikate. Ni ya mjomba. Na ukiikata nitafika msikitini na bukta."

"Basi nakata mnyororo."

"Kwa panga?"

"Nina na shoka."

"Mnyororo ukikatika pikipiki haiendi, na mimi lazima nifike nayo."

Gona akaketi juu ya mawe, akajipasulia dafu, akanywa. "Kanzu hutaki, mnyororo hutaki. Basi kaa hapo, mwakani nitakupitia tena."

Na hapo, kutoka upande wa Utange, adhana ya Alasiri ikaanza. Abdillahi akafumba macho. Baina ya adhana na swala ni muda wa watu kutawadha tu. Alimwona Mzee Ghalib mlangoni pa msikiti, na Bi Johari anamwambia, yule yuko njiani anapumzika. Akawaona watu wanakula biriani kimya kimya. Machozi yakamtoka, na hata kuyafuta hakuweza vizuri.

Gona aliacha kunywa.

"Hebu, mwalimu. Mkweo alisema ufike juu ya nini?"

"Juu ya pikipiki."

"Sasa hivi uko juu ya nini?"

Abdillahi akafumbua macho.

Gona akapiga mluzi kuelekea machimbo yaliyokuwa karibu. Wakaja wakata mawe sita, vumbi mpaka kwenye kope. Madafu yakashushwa, mkokoteni ukasogezwa, na wale sita wakaibeba pikipiki na mtu wake kama wanavyobeba jiwe la pembe, wakaipandisha kwa mbele, wakaifunga kwa kamba kushoto na kulia. Kisha wakasukuma. Mchanga ulikuwa wa kifundo cha mguu, na magurudumu yakilia, lakini wale walikuwa watu wa mawe. Juu kabisa, kichwa kikigusa majani ya mikorosho, alikuwa Abdillahi, ameshika usukani kwa mikono miwili, kwa kuwa hakujua ashike wapi pengine.

Wakafika watu wakiwa wanapanga safu. Mzee Ghalib alitoka nje na viatu mkononi. Akautazama mkokoteni, akawatazama wakata mawe, akaipandisha shingo mpaka akakutana na macho ya mkwewe.

"Bi Johari ameniambia ulikuwa unapumzika."

"Nilinaswa, baba. Kanzu imeingia mnyororoni."

"Mbona hukushuka ukaja kwa miguu?"

"Ulisema nikija kwa miguu nitarudi kwa miguu."

Abdillahi akaona midomo ya mzee inahesabu maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasema siku ya posa, moja moja, anatafuta palipovunjwa.

"Yuko juu ya pikipiki," akasema mwishowe. "Na Alasiri bado. Shehe, mtu huyu ataswali vipi?"

"Mwenye udhuru huswali alivyo," akajibu shehe. "Mgeuzeni kibla."

Wakaugeuza mkokoteni. Abdillahi akaswali kwa kuinamisha kichwa, kadiri shingo ya kanzu ilivyomruhusu. Baada ya swala ikaja nikaha, na nikaha inataka mkono wa baba wa bibi harusi ndani ya mkono wa mume. Mzee Ghalib, na magoti yake yaliyokwisha, akapandishwa mkokotenini na wakata mawe wawili, akaketishwa nyuma ya mkwewe kwenye kiti cha pikipiki, na mikono ikashikana kwa ubavuni. Shehe alisoma khutba yake yote amekunja uso, asije akacheka.

"Nimekuoza binti yangu Zubeda."

"Nimekubali."

Sasa alikuwa mume wa mtu na bado amenasa. Wakamsukuma hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa Mzee Ghalib. Chumbani, Zubeda alikuwa anangojea aingie ampe mkono, kama ada ilivyo. Nje, wanaume walikuwa wanabishana. Mjomba Mbarak alisema atakayegusa kanzu atakutana naye, wakate mnyororo. Mzee Ghalib alisema mnyororo hauguswi, kesho alfajiri Zubeda ana kazi; wakate kanzu. Abdillahi akawasikiliza kwa juu, kama mtu anayesikia majirani wakigombania ukuta ambao yeye ndiye ukuta wenyewe.

Ubishi ulipofika nusu saa, Zubeda alitokeza mlangoni na buibui lake, hina mbichi mikononi.

"Mlimpandisha kwa mbele?" akamwuliza Gona.

"Kwa mbele, dada."

"Basi mteremsheni kwa nyuma. Abane klachi, gurudumu lizunguke nyuma polepole. Lililoingia litatoka."

Wanaume wakatazamana. Kamba zikafunguliwa. Pikipiki ikateremshwa kinyumenyume, na kwa kila mzunguko wa gurudumu kanzu ikatapikwa shubiri moja, mpaka pindo la mwisho likaachia na Abdillahi akavuta pumzi iliyosikika mpaka uani kwa wapishi. Pindo lilikuwa jeusi kwa grisi, limekatwakatwa kama majani ya mgomba baada ya tufani. Mjomba Mbarak alilishika, akalitazama mbele na nyuma.

"Mimi nilitoa nyeupe," akasema, akaenda kuketi.

Tangu hapo, kila sikukuu, Mjomba Mbarak humpa Abdillahi mkono wa Idi na kumwuliza, kanzu yangu iko wapi? Miaka kumi na minne sasa.

Hadithi ilikuwa imalizike hapo. Lakini juzi nililipeleka daftari hili nyumbani kwa Abdillahi, nikawasomea yeye na Zubeda, nikitegemea nao waseme nimetia chumvi. Zubeda alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa.

"Mkokoteni ni kweli," akasema. "Swala juu ya kiti ni kweli. Baba kupakiwa nyuma ni kweli, aliniambia mwenyewe kuwa alikaa vizuri kuliko kwenye baiskeli. Sasa nikuulize, kaka. Chini ya bati lile la Kongowea walikuwapo watu wangapi?"

"Watatu," nikasema. "Abdillahi, Tsuma na dalali."

"Tsuma ni mtu wa kusimulia?"

"Tsuma? Hata salamu huitoa kwa kichwa."

"Na wewe, Abdillahi, hayo ya mkunga kumtangulia shehe ulipata kumwambia mtu?"

Abdillahi alitazama mkeka. "Sijamwambia hata mama. Aibu."

"Hata mimi sikuambiwa, nayasikia leo," akasema Zubeda. Akanigeukia. "Basi wewe umeyajuaje?"

Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza, na sikuwa na pengine pa kutazama.

"Na pikipiki iliyoundwa bila bamba," akaendelea kwa upole, "ina matundu mawili ya skrubu ya nini? Ya kupumulia?"

Mlango ulikuwa nyuma yake. Dirisha lilikuwa na nondo. Nikaelewa, kwa mara ya kwanza, jinsi Abdillahi alivyokaa pale kwenye mawe.

"Bamba nililiuza peke yake," nikasema. "Wiki moja kabla. Mtu wa Mtopanga alilitaka."

"Nilijua wewe ndiye uliyeniuzia," akasema Abdillahi taratibu. "Sikutaka kukuaibisha mbele yake. Lakini bamba sikulijua."

Zubeda alishalifungua daftari ukurasa wa kwanza, kidole kiko kwenye dhamana yangu. "Hapa umeandika, aseme anataka nini. Nataka kanzu. Na hayo ya leo pia utayaandika."

Kwa hiyo nimeyaandika. Jana asubuhi tulikwenda sisi wanne kwa mshonaji, Kongowea, hatua chache tu kutoka lilipokuwa bati langu. Zubeda alichagua kitambaa, na alichagua cha juu kabisa rafuni. Mjomba Mbarak, miaka sabini na tisa, alisimama amenyoosha mikono akapimwa.

"Ni ya sherehe gani, mzee?" mshonaji akauliza.

"Ya kwanza nilioa, ya pili nilioa," akasema Mjomba Mbarak. "Hii tutaona."

Nikatoa pesa, nikahesabu, nikalipa yote. Mjomba akageuka kunitazama.

"Pindo," akamwambia mshonaji, "likomee juu ya kifundo. Huyu bado anauza pikipiki."